Chura hanywi kwa mdomo

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi ya mwanzo ya mwezi huu mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi katika ukumbi wa skuli moja hapa Chake Chake. Siku ile watu wengi walikuwa harusini Wete, na waliorudi wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka. Picha zilizooneshwa ukutani sikuziweka.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu wenzangu, wanangu. Kabla sijasema lolote, naomba kijana aliye karibu na swichi azime pangaboi hili la juu ya meza. Hili la katikati. Hayo mengine yaacheni, najua Kaskazi ya mwaka huu inavyotupika. Ahsante mwanangu. Kwenye meza hii pana kasha la kioo, na ndani yake wamo vyura wanne wa klabu ya sayansi. Tangu nimeingia nilikuwa nawapa watu mkono huku jicho liko juu, kwenye pangaboi. Mtajua kwa nini.

Nimeitwa niseme juu ya maji ya chura wa kufugwa, chura wa mitini. Najua baadhi yenu mmecheka. Mzee mmoja amenishika mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, hata chura siku hizi anafundishwa maji?" Hafundishwi chura, mzee wangu. Anafundishwa aliyemtia ndani. Chura wa bondeni hana haja na mimi wala na nyinyi. Jua likichoma, atashuka chini ya majimbi. Usiku ukiingia na umande wake, atapanda. Bonde likikauka, atahama. Wa kwenye kasha atahamia wapi? Umemfungia mlango, basi mvua yake ni wewe, umande wake ni wewe, kisima chake ni wewe. Ile habari ya mwanamke na paka sote tumesomeshwa chuoni. Alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mimi kila nikilitazama kasha hili, yule paka hunijia.

Haya. Swali la kwanza, na nataka watoto wanijibu. Chura anakunywaje maji? Nani hapa amewahi kumwona chura anainamisha kichwa bakulini, halafu anakinyanyua juu kama kuku? Hakuna mkono. Hamjamwona, na hamtamwona, kwa sababu chura hanywi kwa mdomo.

Mwaka juzi alinijia mtoto wa darasa la sita na kopo la maziwa. Ndani mna chura mdogo wa matete, amelala juu ya pamba. Pamba kavu, nyeupe, ameitandika vizuri ili mgeni wake asiumie. Mkononi ana bomba la sindano lisilo na sindano. Ananiambia, "Mwalimu, nampa maji asubuhi na jioni, nampenyezea mdomoni, lakini hataki kumeza." Na macho yanamlengalenga. Nikachukua kisahani cha kikombe, nikatia maji ya mvua, kina chake kama urefu wa ukucha wa kidole gumba, nikamkalisha chura humo. Mwanzo hakufanya kitu. Halafu taratibu akaiachanisha miguu ya nyuma, akaliteremsha tumbo mpaka likagusa chini, akajibandika pale kama sisi tunavyojibandika kwenye sakafu ya saruji mchana wa joto. Tukakaa tunamtazama. Mtoto akaniuliza, "Ataanza kunywa saa ngapi?" Nikamwambia, anakunywa sasa hivi.

Chini ya tumbo lake, kuelekea mapajani, ngozi ya chura ni nyembamba na imejaa mishipa ya damu. Hapo ndipo penye kinywa chake. Akikaa juu ya kitu kilicholowa, maji yanapita kwenye ngozi ile yanaingia mwilini. Vyura wengine hata huonja kwa hapo hapo: wakiteremsha tumbo wakakuta maji hayafai, hunyanyuka wakaondoka.

Wale waliokulia kwa bibi zao wataukumbuka mtungi. Mtungi wa udongo, umekaa pembeni, nje unatoka jasho. Maji yanapenya udongo kidogo kidogo, yanaruka na upepo, ya ndani yanapoa. Ngozi ya chura ni mtungi, ila huu unapitisha njia mbili. Penye maji unaingiza, penye ukavu unatoa, na mwenyewe hana kizibo. Na vyura wetu hawa wa matete, wanaoitwa Hyperolius kwa jina la kitaalamu, wengi hawafiki sentimita nne. Weka juani kikombe cha maji na pipa la maji. Kipi kitakauka kwanza? Ndiyo maana chura mdogo hasubiri mpaka urudi kazini.

Lakini si kwamba amekaa tu akisubiri kukauka. Njooni kwa macho mmtazame huyu wa kona ya kulia, aliyebandika kwenye kioo. Mikono ameikunja chini ya kifua, miguu ameibana ubavuni, kidevu amekiteremsha. Mnadhani amelala. Amelala, ndiyo, lakini pia amefunga madirisha. Kila kiungo alichokikunja ni ngozi isiyopigwa na hewa. Chura wa mitini mzima, mchana, hukaa hivi. Ukimkuta mchana amejiachia, viungo vimetawanyika, hajali, hapo shituka.

Naomba sasa mikono. Nani amewahi kukojolewa na chura? Mashaallah, mpaka walimu. Na mkaambiwa mtaota chunjua. Chunjua huletwa na virusi, chura hana habari nazo. Ila ule mkojo mliufikiria nini? Chura huweka maji kwenye kibofu, na ukame ukimbana huyarudisha mwilini ayatumie. Wako vyura ambao kibofu kikijaa hubeba maji ya robo ya uzito wao, na wengine zaidi. Sasa wewe unamnyakua umwoneshe shangazi, chura anaogopa, anamwaga. Lile ni tangi la akiba. Umecheka, umepangusa mkono kwenye kanzu, umemrudisha kwenye kasha lake hana kitu. Ndiyo maana nasema, chura wa mitini ni wa kutazamwa. Ikibidi kumshika, mkono uwe umelowa maji safi, na ukimaliza umweke kando ya bakuli lake.

Jambo moja zaidi kabla sijahama hapa, kwa sababu nalipenda. Kuna chura wa kijani wa Australia anayefugwa sana duniani. Watafiti wa Darwin, kule kaskazini ya Australia, walijiuliza mbona wakati wa kiangazi anatoka nje usiku wa baridi, wakati baridi inamlegeza na chakula hakuna. Wakagundua: anatoka nje apoe. Akishapoa anaingia kwenye tundu la mti lenye joto na unyevu, na mwili wake unatoka matone kama glasi ya maji ya friji ukiiweka mezani. Kisha matone yale yale anayanyonya kwa ngozi. Mnaona ujanja? Anajifanya glasi. Basi mtu asiniambie kwamba tone moja juu ya jani ni kitu kidogo kwa mnyama huyu.

Sasa jambo la pili. Maji gani?

Hapa nitajisema mwenyewe. Nimeua vyura watatu kwa maji. Miaka ya mwanzo ya ualimu nilipangiwa kijiji cha pwani. Kisima tulichokuwa nacho kina maji ya chumvichumvi. Wenyeji wanayajua: sabuni haitoi povu, chai ina ladha yake, ukishazoea huisikii tena. Mimi nilishazoea. Nikaweka vyura watatu kwenye kasha, nikawatilia maji ya kisima kile bakuli tele. Siku ya kwanza waliingia, wakatoka. Nikasema wameshiba. Siku ya pili wamepanda juu kabisa, wamebana kona. Siku ya tatu ngozi imefifia, macho yamezama. Nikafanya nini mimi, mwalimu wa bayolojia? Nikaongeza maji yale yale. Nikawapulizia maji yale yale. Kwenye kioo yakabaki madoa meupe nikadhani vumbi, nikayapangusa. Wiki haikwisha, wote watatu wamekufa, na mimi nimesimama na ndoo ya maji mkononi.

Mama zangu mlioko hapa mngenifundisha siku ile ile. Embe mbichi ukiikata ukaitia chumvi, inafanya nini? Inatoa maji. Ng'onda, yule samaki mkavu, anatengenezwaje? Kwa chumvi na jua, maji yanatoka, anabaki mkavu. Chumvi huvuta maji. Maji yakiwa na chumvi kuliko damu ya chura, hayamwingii. Yanamtoa yale aliyonayo. Mimi nilikuwa natengeneza ng'onda angali hai. Bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, na vyura wa aina nyingi mno hawawezi hata sehemu ya chumvi hiyo. Yuko mmoja Asia ya Kusini Mashariki anayeweza kuishi mikokoni na kula kaa, kwa sababu anaweka mwilini mwake urea nyingi, ile taka inayotoka na mkojo. Wetu si huyo.

Na visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na bahari haiko mbali na kisima cha mtu. Kwa hiyo onjeni. Kweli, onjeni kwa ulimi, tena awaonjee mgeni asiyezoea. Na mtu asiniambie, "Nimeyachemsha, mwalimu." Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi inabaki, na maji yanapopungua kwa mvuke inazidi ukali.

Chumvi ina mlango mwingine kwetu. Wafugaji wa nje hutandika chini ya kasha makumbi ya nazi yaliyosagwa, kwani yanashika unyevu. Wananunua kwa fedha, yamekamuliwa kama matofali! Sisi yako uani. Lakini usumba uliozikwa pwani ili kusokota kamba umelala kwenye maji ya bahari miezi. Ukiutia kwenye kasha umetia bahari. Chukueni makumbi ya shamba, yasiyofika pwani, yaosheni maji mengi mpaka rangi ya chai ipungue.

Maji ya mfereji je? Yanatiwa klorini ili sisi tusiugue, na wakati wa kipindupindu tunaongeza dawa wenyewe nyumbani. Kwetu ni rehema. Kwa mnyama anayekunywa kwa tumbo zima, na anayepumua kwa sehemu kwa ngozi hiyo hiyo, inachoma. Njia yake rahisi: ndoo yenye mdomo mpana, iache wazi saa 24, ikiwezekana penye hewa na jua, klorini inaruka. Si dumu lenye kifuniko, dumu halitoi kitu. Ziko nchi wanakotumia dawa nyingine iitwayo klorameni, na hiyo hairuki kwa kuachwa. Tahadhari kwa anayesoma maelekezo ya huko na kwa anayefuga huko.

Mimi natumia ya mvua. Masika na vuli nakinga madumu yangu, naweka kivulini, ndiyo ninayotumia mpaka leo hii katikati ya Kaskazi. Ila mvua ya mwanzo iacheni ioshe paa, ina vumbi na vinyesi vya kunguru. Na bati jipya linaachia zinki, nayo haifai. Kingeni mbali na bati, mvua ikidondoka moja kwa moja kwenye beseni.

Nimalizie maji kwa kisa kilichonitoa jasho. Kijana mmoja alisoma mahali kwamba maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa mvuke wake ukakingwa, ni safi kupita yote. Akauliza mtaani yanapatikana wapi. Akaambiwa, kwenye duka la vipuri, ulizia maji ya betri. Akaenda, akasema naomba maji ya betri. Muuzaji akampa chupa. Bahati yake alipita kwangu kunionesha. Wazee wenye magari wameshajua. Dukani kuna chupa mbili, na watu wanaziita jina moja: moja ni maji ya kuongezea, nyingine ni asidi. Ile aliyoshika ilikuwa asidi. Nimenyamaza kidogo ili mlifikirie hilo. Na hata angepata yale ya kweli, hayana madini hata chembe, na chura anayelowana humo siku zote anapoteza chumvi zake ndogo anazozihitaji. Mvua iliyokaa kwenye dumu na kugusa majani inatosha.

Na bakuli. Kifuu cha nazi kilichokwanguliwa ni bakuli zuri kuliko la dukani, lina mkwaruzo wa kushikia. Maji yasizidi kimo cha kifua cha chura akiwa amekaa. Wa mitini wengi si waogeleaji, mtieni kijiti cha kupandia. Maji yabadilishwe kila siku, kila siku, hata yakionekana meupe. Kwa sababu bakuli lile ndilo birika lake, ndilo hodhi lake, na samahani wazee, ndicho choo chake. Uchafu wake unatoa amonia, na amonia inaingia kwa njia ile ile inayoingilia maji. Liosheni kwa maji moto na brashi. Sabuni hapana. Mafuta ya nywele mkononi hapana. Dawa ya mbu ya kupulizia, litoeni kasha chumba hicho kwanza, hata ya kuwasha ya moshi. Udi wenu fukizeni, lakini chumba kingine.

La tatu ni hewa, na hapa ndipo ninapogombana na intaneti.

Fundi simu mmoja wa Mkoani, kijana mtulivu, aliangalia video za wafugaji wa Ulaya. Wanasema pulizia maji mara tatu kwa siku, funika juu ubane unyevu. Akatii. Akafunika kasha lake kwa nailoni, ilikuwa masika. Nilipokwenda kulitazama lilikuwa kama sufuria ya wali iliyopaliwa. Ukungu juu ya kila jani, harufu ya tope bovu, na vyura wawili wamepata wekundu chini ya mapaja. Ule wekundu una jina kwa wafugaji, wanauita mguu mwekundu, ni bakteria walioingia damuni. Mmoja hakupona.

Kosa lake nini? Alimsikiliza mtu asiyezungumza naye. Yule wa Ulaya anazungumza na mwenzake ambaye nyumba yake ina hita miezi sita, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Sisi masika nguo zinalala kambani siku mbili na bado zina unyevu! Wewe unaongeza nini hapo? Chura anataka kulowa, halafu anataka kukauka juu juu, halafu kulowa tena. Ngozi isiyopata hewa inaoza.

Kipimo changu hakina mashine. Napulizia Magharibi, kwa chupa ile ya kupigia pasi, mpya, haijawahi kutiwa dawa wala manukato. Matone kwenye kioo yakiwa yamekauka kabla ya Isha, hewa inapita mno, nafunika nusu ya juu kwa kitambaa kibichi. Yakiwa bado yapo asubuhi saa tatu, hewa haipiti, nafungua. Juu ya kasha pana wavu wa chandarua, si nailoni. Masika, mara nyingi sipulizii kabisa, bakuli linatosha. Kusi likivuma, asubuhi namwagilia majani tu. Kaskazi kama sasa, mara mbili kwa siku, na kasha nalihamisha lisipate jua la dirishani.

Sasa pangaboi. Mnapolowesha kanga mnaianika wapi ikitakiwa haraka? Chini ya pangaboi. Basi na mtungi wangu ule umekaa chini ya pangaboi, kutwa, na wewe uko kazini.

Kiyoyozi ndiyo kabisa. Mnayaona yale maji yanayodondoka nje ya ukuta kwenye kibomba? Yametoka wapi? Yametoka kwenye hewa ya chumba chako. Na chura amo kwenye hewa hiyo hiyo, anakamuliwa pamoja nayo. Wala msikimbilie kuyakinga maji yale mkamrudishie, yamepita kwenye shaba na vumbi.

Utajuaje kwamba amepungukiwa maji? Macho yamezama. Ngozi haing'ai, imekunjamana ubavuni, au inanata. Anakaa bakulini mchana na usiku, siku ya pili, siku ya tatu. Na uzito. Mimi nina rafiki sonara, ana mizani ya dhahabu. Wateja wake wamenizoea: mwalimu anakuja na kikopo chake, kikopo kinapimwa kitupu, kisha kinapimwa na chura. Chura wa gramu mbili akipungua nusu gramu, robo yake imekwenda. Angekuwa mtu angekuwa amekwisha kufa. Vyura ni wastahimilivu, baadhi yao hubeba upungufu mpaka theluthi ya mwili wao bado wakaruka. Hapo ndipo wanapotudanganya. Mkimwona amelegea, ameanza zamani.

Akishafika huko, ni kisahani kile kile nilichowaeleza. Maji ya mvua, si baridi ya friji, yasipite kifua. Kivulini, saa moja au mbili, mtu akiwepo. Msimmiminie kichwani, msimtie mdomoni, msimtie sukari wala chumvi mliyopima kwa kidole. Kama hajanyanyuka siku ya pili, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Atacheka kwanza, halafu atamtazama.

Wanangu wa sekondari, hili la mwisho ni lenu, na liko bara, kwenye milima ya Udzungwa. Kuna mto Kihansi. Ulikuwa ukianguka kwenye korongo kwa kishindo, na maporomoko yakirusha manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima. Katika manyunyu yale, kwenye kieneo cha kama hekta mbili tu, akiishi chura wa rangi ya dhahabu, wa sentimita mbili na kitu, asiyetaga mayai. Huzaa vichura vilivyokwisha kamilika. Wanasayansi walimwona 1996. Hakuna pengine duniani alipokuwapo.

Bwawa la umeme lilikuwa tayari njiani. Lilipoanza kazi, maji ya mto kiasi cha asilimia 90 yakageuzwa kupita kwenye mitambo. Nisikilizeni hapa. Mto haukukauka. Mvua haikukatika. Kilichoondoka ni manyunyu. Manyunyu tu! Mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa mpaka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wasije wakamalizika. Kule korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia, mtu akijaribu kufanya kwa mpira kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko. Ilisaidia, vyura waliongezeka. Kisha 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Marekani nako miaka ya mwanzo wengi walikufa, mpaka watunzaji wakajua kuwatunza, wakazaana, 2010 baadhi wakarudi Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi penyewe.

Kuvu ile inaua vipi? Haili nyama. Inaharibu ngozi, na ngozi ikiharibika chura hawezi tena kuendesha maji na chumvi zake, mwisho moyo unasimama. Inasafiri kwa maji. Kwa hiyo maji ya kasha msiyamwage bondeni, wala kisimani, wala mtaro unaokwenda bondeni. Mwageni kwenye ardhi kavu, juani. Chura aliyekaa na vyura wa mahali pengine msimrudishe porini kwa huruma. Na mtu asiende msitu wa Ngezi akachukua chura wa kufuga. Ule ni msitu wa hifadhi. Hawa wanne wa mezani wameokotwa kwenye migomba ya nyuma ya skuli, na wakimaliza muhula watarudi kwenye migomba ile ile, hawajachanganywa na mwengine.

Nimeona mkono kule nyuma. Sema mwanangu. Anauliza, je, ikiwa mtu anasafiri siku tatu? Atafute mtu wa kumwachia. Kama hana wa kumwachia, amrudishe alipomtoa kabla hajakata tiketi ya boti.

Basi. Nje ya mlango pana ndoo ya maji ya mvua na kata. Anayetaka kuja kutazama karibu anawe kwanza, bila sabuni, wala asijifute. Darasa la sita watangulie, wawili wawili, na hakuna kugonga kioo. Na wewe kijana wa swichi, usiwe na haraka. Pangaboi utaliwasha kasha likishatoka.